Sauti ya Chini Kando ya Ziwa

Kati ya Kendu Bay na Isebania muziki hautafutwi, hukujia wenyewe. Matatu inayotoka Homa Bay kwenda Rodi Kopany husikika kabla haijaonekana. Baa za Migori mjini huelekeza spika barabarani ili mpita njia ajue mapema ndani kunachezwa nini. Na usiku wa kuamkia mazishi, jenereta ya kukodi na spika ndefu kuliko mtu hupeleka habari za msiba hadi kijiji cha tatu, na hata waliokwisha kulala wakajua kwamba kwa fulani leo hakulaliwi. Mgeni hulalamika usiku wa kwanza. Usiku wa pili anauliza huo wimbo ni wa nani.

Kwa hiyo ni ajabu kidogo kwamba sauti ya Kiluo iliyofika mbali zaidi katika kizazi chetu, iliyosikika kwenye majumba ya sinema ya Ulaya na Marekani na kwenye santuri za watu wasioweza kuonyesha Ziwa Victoria kwenye ramani, ni ya mtu aliyeimba kana kwamba mtoto amelala chumba cha pili. Ayub Ogada hakuwa mtu wa Homa Bay wala Migori. Alizaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa jina la Job Seda, akafariki tarehe 1 Februari 2019 huko Nyahera, nje kidogo ya Kisumu. Lakini ala aliyoishika, nyatiti, haina mpaka wa kaunti. Na anayetaka kujua upole wa sauti yake ulitoka wapi hana budi kuanzia kwenye kelele alizoziacha nyuma, na kelele hizo hakuna waliozijua vizuri kuliko watu wa iliyokuwa wilaya ya Nyanza Kusini, ambayo leo ni Homa Bay na Migori.

Nyatiti ina nyuzi nane. Bakuli lake huchongwa kwa gogo moja, likawambwa ngozi ya ng'ombe. Nyuzi, ambazo zamani zilikuwa kano za ng'ombe, siku hizi ni za nailoni, zilezile ambazo wavuvi wa Mbita hununua kwa ajili ya nyavu na ndoana. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi sana, ala ameilaza ubavu mbele yake, mikono yote miwili kwenye nyuzi. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevishwa pete nzito ya chuma, na kwa pete hiyo hugonga ukingo wa bakuli: ko, ko, ko. Mguuni zimefungwa njuga. Mtu mmoja, basi, ni mpiga nyuzi, mpiga ngoma, mpiga njuga na mwimbaji, vyote kwa wakati mmoja, na hapo bado hajaanza kushindana na wasikilizaji.

Maana wasikilizaji wa nyatiti hawakai kimya. Kuna desturi iitwayo pakruok. Mtu aliyekolewa na muziki, au aliyekolewa na pombe, huinuka, huusimamisha wimbo katikati na kujigamba: yeye ni mwana wa nani, mkwe wa nani, ng'ombe wa babu yake walikuwa wangapi, bibi yake ni mzuri kiasi gani. Kisha hulipa. Mpigaji hupokea, huyaingiza majigambo yale kwenye wimbo, na safari huendelea hadi mwingine ainuke. Katika mazingira hayo mwimbaji anayenong'ona hana chakula. Sauti ya mwimbaji wa nyatiti ya asili hutoka kooni, kavu, imekazwa, hupanda juu ya vicheko na vilio na mbwa wanaobweka. Ilijengwa kwa ajili ya uwanja.

Majirani nao ni hivyohivyo. Wakuria wa upande wa Kehancha wana iritungu, ala kubwa ya ukoo uleule, na Wakisii wana obokano, kubwa zaidi, ambayo nyuzi zake huvuma kwa chini hadi kifua cha msikilizaji kinatetemeka. Kona hii ya Kenya ina ala za nyuzi nane za kila kimo, na sijui hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wanne sebuleni.

Gitaa lilipofika halikubadilisha tabia hiyo. Vijana walilichukua wakalifundisha kusema kinyatiti: noti mojamoja zilizokatwakatwa, zinazokimbizana, besi ikigonga pale ilipogonga pete ya mguu. Hiyo ndiyo benga. Mmoja wa walioipeleka mbali zaidi, Daniel Owino Misiani, alizaliwa mwaka 1940 kijiji cha Nyamagongo karibu na Shirati, Tanzania, mwendo mfupi kusini ya mpaka wa Migori. Husimuliwa kwamba jamaa zake walikuwa washika dini na gitaa lake la mwanzo lilivunjwavunjwa nyumbani. Akavuka kuja Kenya, akaunda bendi iliyokuja kujulikana kama Shirati Jazz, na hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwezi Mei 2006 alikuwa amekwisha kukamatwa kwa sababu ya nyimbo zenye mafumbo ambayo wakubwa waliyaelewa vizuri mno. Waimbaji wa Misiani huimba wawili au watatu pamoja, sauti za juu, bega kwa bega, kama watu wanaoitana ng'ambo ya mto.

Santuri ndogo za wakati huo zilikuwa na pande mbili, kila upande dakika chache. Upande wa kwanza hadithi husimuliwa. Upande wa pili maneno hupungua na magitaa huachiwa yakimbie. Mfanyabiashara wa Nyanza, Phares Oluoch Kanindo, ambaye baadaye aliingia bungeni, aliuza santuri za benga mbali kiasi kwamba Zimbabwe waliuita mtindo wenyewe kanindo. Fikiria: jina la mwuzaji limekuwa jina la muziki. Muziki wa namna hiyo ulisafiri kwa sababu ya nguvu ya miguu. Mchezaji hakuhitaji kujua Dholuo, lugha ya Waluo.

Sasa tuje kwenye upole. Mtu hawezi kuimba kwa sauti ya chini mbele ya umati mpaka apatikane mtu wa tatu wa kumbebea sauti, na mtu huyo ni maikrofoni. Hii ndiyo habari ambayo huwa inasahaulika kila sauti laini inaposifiwa kana kwamba ni tabia njema ya mwimbaji. Pwani ya Kenya, Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 na kupitia jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili, alirudi akaimba nyimbo za mapenzi kwa sauti ya mtu anayezungumza na mmoja tu. Kutoka Katanga, Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, alifika Nairobi mwaka 1959 na gitaa lake kavu lisilo na bendi, na vijana wengi wa Kenya wakaanza kujifunza vidole vyake. Wote wawili waliwafikia watu kwa redio na santuri, ambako hakuna anayeinuka kusimamisha wimbo ili ajigambe.

Ng'ambo ya bahari ya Atlantiki jambo hilohilo lilikuwa linatokea, na huko lilipata jina. João Gilberto, kijana kutoka Juazeiro katika jimbo la Bahia, Brazil, alikuwa ameshindwa Rio de Janeiro. Katikati ya miaka ya 1950 akaenda kukaa kwa dada yake katika mji wa Diamantina, na husimuliwa kwamba alijifungia msalani na gitaa lake kwa muda mrefu, kwa sababu kuta zile zilimrudishia kila pumzi. Alichotoka nacho kilikuwa samba iliyopunguzwa: ngoma zote za barabarani zimeingia kwenye kidole gumba na vidole vitatu vya mkono mmoja, na sauti haitikisiki, haipandi, haitaki kusifiwa. Mwaka 1958 aliporekodi Chega de Saudade, mtindo wa bossa nova ukawa umezaliwa rasmi. Waliokuwa wamezoea waimbaji wa kifua kikubwa waliuliza kama anaumwa.

Miaka mitano baadaye, Machi 1963, alikuwa New York akirekodi na mpiga saksafoni Stan Getz. Mkewe Astrud, mwenye umri wa miaka 22, alikuwepo studio. Alikuwa anajua Kiingereza kuliko mumewe na hakuwahi kurekodi kwa malipo. Wimbo wa msichana wa Ipanema ulihitaji ubeti wa Kiingereza. Nani alisema Astrud aujaribu ni jambo ambalo waliokuwa chumbani hawakukubaliana hadi walipokufa. Akaimba. Hakuna mapambo, hakuna kuvuta noti, kuna mahali karibu ateleze, na ni hapohapo msikilizaji anapokamatwa. Santuri ndogo ilipotolewa, ubeti wa Kireno wa mumewe ulikuwa umekatwa, akabaki yeye na saksafoni. Ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1965. Inasemekana alilipwa dola 120.

Nimezunguka hadi Brazil kwa sababu njia ya Job Seda inafanana na ile kuliko inavyofanana na ya Misiani. Hakukulia uwanjani. Akiwa mtoto mdogo wazazi wake, ambao walikuwa wanamuziki, walimchukua Marekani, baba akisomea udaktari Chicago, na huko waliwapigia Wamarekani muziki wa Kiluo. Muziki wa kwao aliuona kwanza ukiwa ugenini, mbele ya watu waliokaa kwenye viti na kusikiliza. Aliporudi na kukua alijiunga na Black Savage, kundi la vijana wa Nairobi waliochanganya roki na mambo ya nyumbani, kisha na bendi ya African Heritage, iliyotokana na jumba la sanaa ambalo Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, na Mmarekani Alan Donovan walilifungua Nairobi mwaka 1972. Katika filamu ya Out of Africa ya mwaka 1985 yumo, kwa jina la Job Seda.

Mwaka 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake. Jina la Ayub Ogada ndilo lililoanza kusikika huko. Alipiga muziki barabarani na kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi London, mahali pa ajabu kwa ala hii, kwa sababu njia zile zina mwangwi wa vigae na watu wanaopita hawasimami. Hapana pakruok pale. Hakuna anayetaja babu yake. Sarafu inaanguka, viatu vinaendelea. Nadhani hapo ndipo sauti yake ilipokamilika, ingawa hilo ni wazo langu tu: nyatiti ikipigwa kwenye handaki la vigae hujaa yenyewe, na anayepiga kelele juu yake huiharibu.

Watu wa tamasha la WOMAD, ambalo Peter Gabriel alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, walimsikia. Mwaka 1993 kampuni ya Real World, ya huyohuyo Gabriel, ikatoa albamu yake En Mana Kuoyo. Majina ya nyimbo ni ya mambo ya kila siku ambayo mtu wa Ndhiwa au Rongo hahitaji kufasiriwa: soko, nyumbani, fisi. Na miongoni mwake upo Kothbiro, yaani mvua inakuja, ambamo mtoto anaambiwa ng'ombe warudishwe nyumbani.

Usikilize mara moja bila kufanya kazi nyingine. Nyatiti inaanza, na mzunguko wake ni mfupi: noti chache zinazojirudia bila kuchoka, zilezile ambazo mpigaji wa matanga angezitumia, isipokuwa kasi imepungua hadi unaweza kuhesabu kila uzi. Sauti inapoingia haina neno bado. Inapanda juu kuliko ulivyotarajia kwa mwanamume mkubwa, inakaa huko, inashuka bila kujitangaza. Maneno yanapofika ni machache, na yanasemwa jinsi mzazi husema jambo ambalo hana haja ya kulirudia kwa ukali, kwa sababu mtoto ameliona wingu mwenyewe. Hakuna kilele. Mtu aliyelelewa na upande wa pili wa santuri za benga atasubiri magitaa yafunguliwe, na hayatafunguliwa.

Hapo ndipo penye mvuto, nami sidhani kwamba ni suala la utamu wa sauti. Sauti tamu zimejaa Nyanza; nenda kanisani Jumapili yoyote. Mwimbaji wa uwanjani anakufuata ulipo. Anajua una jirani mwenye maneno mengi na glasi mkononi, anapanda juu yako. Mwimbaji wa sauti ya chini hasogei. Wewe ndiwe unayeinama, unayezima redio ya jikoni, unayemwambia mwenzako anyamaze kidogo. Na mtu akishafanya kazi hiyo ya kusogea huwa anaamini kwamba alichokisikia alikuwa anaambiwa yeye. Astrud Gilberto alifanya hivyo kwa ubeti wa lugha ya kigeni. Ogada alifanya hivyo kwa Dholuo kwa watu ambao hawakujua hata neno moja.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba upande wa Homa Bay na Migori haukuwa na sauti za kuzungumza na mtu. Migori ilikuwa na Prince Jully na bendi yake ya Jolly Boys. Alipofariki mwaka 1997 mkewe, Lilian Auma, hakurudi nyuma ya pazia la ujane kama wengi walivyotazamia. Alishika maikrofoni akawa Princess Jully, na wimbo wake wa Kiswahili, Dunia Mbaya, ukaenea Kenya nzima. Ulihusu Ukimwi. Miaka hiyo Nyanza Kusini ilikuwa inazika kila wiki, na dawa za kupunguza makali hazikuwapo. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilianza kuzitoa katika hospitali ya Homa Bay mwaka 2001, na watu wakasafiri kutoka mbali kuzifuata. Kabla ya hapo kilichokuwapo ni mikutano ya machifu, mabango, na mwanamke huyu aliyekuwa akisimulia, juu ya benga ya kuchezeka kabisa, habari ambayo kila mchezaji alikuwa nayo nyumbani kwake. Benga yake haina upole wa Ogada. Lakini ni mwimbaji anayekuonya akiwa karibu nawe, na watu walimsikiliza wakati ambapo matangazo ya serikali yaliwapita masikioni.

Ogada alirudi Kenya, akakaa Nyahera. Wimbo wa Kothbiro uliendelea kusafiri peke yake. Mwaka 2005 ilitoka filamu The Constant Gardener, hadithi ya biashara chafu ya dawa iliyopigwa picha Kibera na kaskazini ya Kenya. Mwongozaji alikuwa Fernando Meirelles, Mbrazil wa São Paulo. Katika muziki wote ambao angeweza kuuweka alichukua Kothbiro. Mtu aliyekulia kwenye nchi ya João Gilberto hakuhitaji kufundishwa thamani ya mwimbaji asiyepandisha sauti. Hilo nalo ni la kudhani, lakini silioni kuwa la bahati tu. Tangu hapo Wakenya wengi wameufahamu wimbo huo kama muziki wa ile sinema, na wapo wanaodhani ulitungwa kwa ajili yake.

Ulikuwa mkongwe kuliko hapo. Black Savage waliurekodi mwaka 1976, na jina la utunzi ni la Mbarak Achieng, mwenzake Ogada katika kundi lile. Toleo lile lina ngoma na magitaa ya umeme, la vijana wa mjini waliotaka kutingisha ukumbi, na ndilo ambalo Kanye West alilikata kipande akalitia katika wimbo wake Yikes, uliotoka Juni 2018. Katika orodha ya watunzi wa Yikes yameandikwa majina ya James Mbarack Achieng na Ayub Ogada. Miezi minane baadaye Ogada alifariki. João Gilberto alimfuata Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 88.

Kuandikwa kwenye orodha si jambo dogo. Astrud Gilberto, ambaye alifariki Juni 2023, hakuwekwa kwenye jalada la albamu iliyomfanya ajulikane dunia nzima. Wanabenga wengi wa santuri ndogo waliuza nyimbo kwa malipo ya mara moja, wakasikia baadaye kwamba zinachezwa nchi ambazo hawakuzifikia. Hesabu za mirabaha ni ndefu, hupitia ofisi nyingi, na mtunzi anayeishi Oyugis huwa ni wa mwisho kuletewa. Desturi ya zamani ilikuwa na njia fupi zaidi. Kwenye pakruok aliyeusimamisha wimbo ili jina lake litiwe ndani alilipa palepale, mbele ya mashahidi, na mpigaji hakugusa uzi tena mpaka ameziona pesa.